Shajara ya mashine ya kuokota mawe: kutoka karakana ya Nyakato hadi shamba la Usagara

3 Agosti 2024, Jumamosi. Usagara, Misungwi

Leo tumehesabu mawe. Nilimwahidi mama mkubwa tangu mwezi wa 6 kwamba kabla sijakata chuma hata kimoja nitakuja nilijue shamba lake kwa namba, maana neno "mawe mengi" halimsaidii fundi. Tumefika saa 1 asubuhi, mimi na kijana wangu wa karakana, tukamkuta ameshainjika uji. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia huku anaziangalia kamba nilizobeba, akauliza kama tumekuja kupima kiwanja.

Shamba ni ekari 4. Linateremka taratibu kutoka miguuni mwa mlima wa mawe hadi mbugani. Huko chini kabisa ni udongo mweusi, wanalima mpunga kwenye majaluba, na mawe hayapo. Huku juu ni luseni, mchanga mwepesi unaopitisha maji haraka, na ndiko anakolima pamba, mahindi na mihogo kidogo. Shida yote iko luseni. Msimu uliopita trekta la kukodi lilivunja kisahani cha plau kwenye raundi ya tatu, dereva akafunga kazi na kuondoka. Tangu siku hiyo kila dereva anayeombwa anauliza kwanza: "Ni lile shamba la mawe?"

Tumefunga kamba mraba wa mita 10 kwa 10, tukaokota kila jiwe linalozidi ngumi, lililo juu na lililojificha ndani ya kina cha kiganja. Yamefika 212. Tumeyapima kwa mafungu kwenye mzani wa kuning'iniza tukapata kilo 640. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni karibu tani 26 kwa kila ekari. Nilipomsomea mama mkubwa hesabu hiyo alinyamaza kidogo, akaangalia lile rundo lake la zamani lililozunguka kichuguu, halafu akasema, "Na mimi nimeyabeba kwa karai miaka 30."

Nimeiandika sentensi yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi.

8 Agosti, Alhamisi. Nyamhongolo

Nanenane. Nimezunguka mabanda ya zana tangu asubuhi hadi saa 9. Plau za visahani, haro, mashine za kupandia, za kupukuchua, pawatila za kila rangi. Ya kuondoa mawe sikuona. Nimejifunza kitu kimoja cha maana kwenye banda la mashine za kupandia: kile kisahani chembamba kinachofungua mfereji wa mbegu ndicho kinachoumia zaidi kwenye shamba la mawe. Plau nzito inaweza kuruka juu ya jiwe ikaendelea. Kisahani cha kupandia kikiruka, mbegu zinabaki juu ya ardhi kwa ndege.

10 Agosti, Jumamosi. Karakana, Nyakato

Siku nzima mezani na penseli. Nieleze kwa nini nimechagua nilichochagua, ili atakayefuata nyayo hizi asianze sifuri.

Kuna mashine za kuponda: ngoma yenye nyundo ngumu inazunguka kwa kasi kubwa na kulisaga jiwe humo humo shambani. Zinataka trekta kubwa sana, na nyundo zake zinaliwa. Granaiti yetu ina chembe zinazong'aa kama kioo, kwatsi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kila anayenoa panga kwa jiwe la mlimani Mwanza anajua chuma na jiwe nani anamla mwenzake.

Kuna mashine za kukusanya: ngoma yenye meno, imekaa mshazari, inayasukuma mawe pembeni yakawa mstari mrefu. Baadaye lazima kije chombo kingine kuyaokota. Kuna za kutenganisha, ambazo wakulima wa viazi wa Uskoti wanazitumia: zinachekecha udongo wa tuta, mawe na madongo makubwa zinayazika kwenye mfereji katikati ya matuta. Inafaa kwa udongo wenye kina. Luseni ya mama mkubwa sehemu nyingine haina hata sentimita 40 kabla ya mwamba, utayazika wapi.

Na kuna za kuokota: reki nzito inapita chini ya jiwe, ngoma yenye makafi inalisukuma jiwe lipande juu ya reki, linaangukia kwenye kapu. Hii ndiyo.

Kitu kilichonishika zaidi leo, hata nikaacha kuchora nikakaa tu, ni sababu ya mawe yenyewe. Nchi za baridi kali kama Kanada na Ufini, maji ndani ya udongo yanaganda wakati wa kipupwe, yanatanuka, yanayainua mawe kidogo kidogo. Mkulima wa kule anaokota leo, mwakani yamepanda mengine kutoka chini. Sisi hatuna barafu. Kwetu granaiti ya chini inapasuka kwa nyufa, maji yanaingia kwenye nyufa na kuila pembeni kwanza, kinachobaki katikati ni jiwe la mviringo lililozungukwa na mchanga. Mvua inakuja inaubeba ule mchanga kuelekea mbugani, jiwe linabaki palepale. Mama mkubwa anasema mawe "yanaota". Ukweli wa kuumiza ni kwamba mawe hayajasogea. Udongo ndio umeondoka.

Kwa hiyo mashine inayookota mawe na kubeba udongo pamoja nayo itakuwa inamaliza kazi ya mvua. Nimeandika kwa herufi kubwa juu ya mchoro: UDONGO UBAKI.

24 Agosti, Jumamosi

Wiki mbili za meno.

Reki ina upana wa mita 1.2. Nimepanga meno 31, kila jino unene wa milimita 10, nafasi kati ya jino na jino milimita 30. Malighafi ni majani ya springi za lori, yale mapana ya milimita 70, tuliyonunua kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Tumeyapasua katikati kwa gesi, kila jani likatoa meno mawili yenye urefu wa sentimita 60.

Jaribio la kwanza nilimwachia kijana achomelee meno 3 kwenye chaneli, ile boriti ya chuma inayoshika meno. Mshono ulikuwa mzuri, umelala kama mkufu. Alipomaliza akayamwagia maji ili ayapeleke haraka kwenye grinda. Nikachukua nyundo ya kilo 2, nikapiga jino la kwanza pigo moja la wastani. Likaruka likagonga mlango. Nikaliokota, bado lina joto, nikaligeuza kwenye mwanga: pale lilipokatika palikuwa na punje za kijivu kama sukari guru iliyovunjwa, hakuna hata dalili ya kupinda. Mshono wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokatika ni springi, milimita 4 hivi kutoka kwenye mshono.

Kijana aliogopa kwamba nitamkaripia. Hakukosea peke yake, mimi ndiye niliyeshindwa kumweleza mapema. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikipasha kikawa chekundu halafu ukakipoza ghafla kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama sahani ya udongo. Unaweza kukichomelea ukikipasha kwanza, ukatumia rodi zisizo na unyevu zilizokaushwa, ukakiacha kipoe taratibu. Lakini meno 31, kila moja likipigwa na jiwe mara elfu kwa siku, sikutaka kutegemea bahati ya kila mshono.

Tumebadili: hakuna kuchomelea. Kila jino linafungwa kwa bolti 2. Kutoboa springi nako ni kazi, keekee zinateleza tu juu yake. Tukafanya kama wahunzi walivyofanya siku zote: tumepasha vichwa vya meno hadi vikawa vyekundu, tukavizika kwenye majivu ya mkaa usiku kucha. Asubuhi ukiweka mkono kwenye majivu bado yana uvuguvugu, na chuma kimelainika, keekee inaingia na kutoa nyuzi ndefu. Upande wa ncha tumefanya kinyume: tumepasha, tumezamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha tumerudisha joto kidogo kidogo hadi rangi ikaenda kahawia ikielekea bluu. Ncha inabaki ngumu lakini ina moyo.

Nimempa kijana kazi ya kuzamisha ncha zote. Kufikia jino la 10 alikuwa anaijua rangi kuliko mimi.

31 Agosti, Jumamosi

Ngoma na magurudumu.

Sikutaka kutumia PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Trekta atakalopata mama mkubwa ni la kukodi, na matrekta mengi ya kukodi yana PTO iliyochoka au haina kinga ya shafti, na nimeshaona kanga ya mtu ikivutwa na shafti inayozunguka. Ngoma yetu inaendeshwa na gurudumu la mashine yenyewe kwa cheni. Trekta likisimama, kila kitu kinasimama.

Hesabu yake imenifurahisha. Gurudumu ni la pikapu, kipenyo sentimita 70. Ngoma, mwisho wa makafi, ni sentimita 90. Nikiweka sproketi mbili zenye meno sawa, ngoma na gurudumu vinazunguka pamoja, lakini ncha ya kafi inakwenda mara 1.29 ya mwendo wa trekta, kwa sababu tu ngoma ni kubwa. Chini ya ngoma kafi linarudi nyuma kwa kasi kuliko ardhi inavyorudi, kwa hiyo linalisukuma jiwe lipande reki. Trekta likienda kwa kilomita 3 kwa saa, ngoma inazunguka kama mara 23 kwa dakika. Polepole, kama mtu anayepiga kasia akienda zake Ukerewe. Jiwe halirushwi.

Makafi yako 4, ya mbao ngumu zilizopigwa flati bari mdomoni. Kapu ni la nondo, limekaa kwenye bawaba, linashikwa na komeo. Ukivuta kamba kutoka kwenye kiti cha dereva linapinduka nyuma. Linabeba kama kilo 400.

14 Septemba, Jumamosi. Usagara

Jaribio la kwanza. Halikwenda vizuri na nitaandika yote.

Trekta la nguvu za farasi 75, dereva mtu mzima mwenye subira, Mungu ambariki. Mabua ya pamba ya msimu uliopita yalikuwa yameng'olewa na kuchomwa kama kanuni za pamba zinavyotaka ili funza asivuke msimu, lakini mizizi mingine ilibaki. Tumeshusha reki sentimita 8. Mita 5 za kwanza nilitembea pembeni nikisikia mlio wenyewe, jiwe likigonga jino, likipanda, likianguka kwenye nondo. Mama mkubwa alikuwa upande wa pili wa shamba ameshika kiuno, anafuata kwa macho.

Kwenye mita 12 kapu lilikuwa limejaa. Nikajua kuna kasoro, kwa sababu kwa hesabu yetu ya Agosti linatakiwa lifike kama mita 50. Tukapindua juu ya turubai, tukachambua kwa mikono. Kilo 300 na kitu za mzigo, mawe yenyewe kilo 90. Yaliyobaki: madongo makavu, mizizi ya pamba imeshikamana kama vifundo vya nywele, kokoto ndogo ndogo, kipande cha wavu wa samaki uliokuja na mbolea sijui kutoka mwalo gani, na mchanga. Mchanga wake. Ule ambao niliandika kwa herufi kubwa kwamba ubaki.

Mama mkubwa akachota mkono mmoja kwenye turubai, akauacha udondoke. "Mwanangu, hii umeniondolea shamba."

Tumemrudishia mchanga wote kwa makarai, tukausambaza. Ilichukua saa nzima na ilistahili.

Jioni kwenye raundi ya mwisho cheni ikakatika pia. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi lilikaa kati ya kafi na jino, ngoma ikagoma, gurudumu likaendelea kusukuma. Cheni ilikuwa ya pikipiki.

21 Septemba, Jumamosi. Karakana

Bolti zimetulipa. Kama tungechomelea meno, leo tungekuwa tunakata na grinda. Tumefungua jino moja tukaacha moja, 15 yametoka, 16 yamebaki, na nafasi imekuwa milimita 70. Chochote chembamba kuliko ngumi kinapita chini.

Kabla ya kufungua nilimpigia simu mama mkubwa nimuulize kama anakubali mawe madogo yabaki. Nilidhani atakataa. Akaniambia pale kwenye kokoto karibu na mwembe mahindi yake huchelewa kunyauka jua likiwa kali, na kwamba ameliona hilo kwa miaka mingi. Yuko sahihi. Kokoto juu ya udongo huukinga na matone ya mvua yanayoupiga na kuulegeza, tena huzuia unyevu usipande wote ukapotea hewani. Jiwe la kuondoa ni lile linalovunja zana na kuzuia mbegu.

Cheni tumeweka nzito zaidi. Kwenye sproketi ya ngoma tumeweka bolti laini ya milimita 8 ambayo kazi yake ni kukatika. Ngoma ikigoma, bolti inakatika, cheni inapona; dereva anashuka, anatoa jiwe, anaingiza bolti nyingine. Nimenunua bolti 40 na kuzifunga kwenye mfuko juu ya mashine, na karatasi inayosema ZISIBADILISHWE KWA BOLTI NGUMU. Najua tabia zetu mafundi: kinachokatika tunakiongezea nguvu, halafu kinakatika cha jirani yake chenye bei mara 10.

Mdomo wa makafi tumetoa flati bari, tumeweka vipande vya tairi la lori vilivyokatwa kwa panga na sabuni ya maji. Raba inapinda jiwe likikaa vibaya.

28 Septemba, Jumamosi. Usagara

Mita 47 ndipo kapu likajaa! Tumemwaga kwenye turubai tukapima: kilo 380, mawe kilo 330. Nimekaa chini kwenye mchanga wa moto nikamwambia kijana apige picha.

Shida moja: gurudumu linateleza likiwa halina mzigo. Mwanzo wa raundi kapu ni tupu, mashine nyepesi, luseni kavu, gurudumu linaburuzwa bila kuzunguka na ngoma imelala. Dereva ndiye aliyetoa jibu: tairi la pawatila, lenye vikanyagio virefu. Akaongeza kwamba tulifunge kinyume cha linavyofungwa kwenye pawatila. Pale tairi linaisukuma ardhi. Hapa ardhi ndiyo inalisukuma tairi, kwa hiyo vikanyagio vitazame upande mwingine. Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kipenyo chake ni sentimita 64, ngoma itaongeza mwendo kidogo, mara 1.4. Hakuna ubaya.

5 Oktoba, Jumamosi. Usagara

Leo tumekutana na jiwe lenyewe.

Kwa juu lilikuwa linaonekana kama sufuria ndogo iliyofunikwa. Dereva akaliendea, nami nikanyamaza, na hilo ni kosa langu kwa sababu niliandika mwenyewe hapa tarehe 10 Agosti namna mawe haya yanavyozaliwa. Reki ikaingia chini, trekta likashuka mlio, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kiganja kimoja kutoka ardhini, dereva akakanyaga klachi. Meno 3 yalikuwa yamepinda. Pini ya mkono wa juu unaounganisha mashine na trekta ilikuwa imepinda kama ndizi. Hakuna aliyeumia.

Tumechimba kwa jembe na mtaimbo tuone tulichogonga. Kile kisufuria kiliendelea kupanuka kwa chini, laini, mviringo, kimefunikwa na ganda jepesi linalobanduka kama la kitunguu, hadi tukaacha kuchimba likiwa pana kuliko meza ya karakana yetu. Jiwe la mviringo la sentimita 30 tu lina uzito wa kilo 38 hivi. Hili ni la tani.

Utaratibu mpya, na haurukwi hata siku moja: kabla mashine haijaingia, watu 2 wenye mitaimbo wanapita mbele. Kila jiwe linaloonekana kubwa linagongwa. La juu juu linacheza na kutoa sauti ya kupwaya. Lililozama linalia kwa mlio wa kujaa, mkono unauma. Hilo linawekewa mti wenye kitambaa chekundu, na mashine inalizunguka. Mama mkubwa anajua mengi ya hayo bila mtaimbo. Amezipita hizo sehemu kwa jembe tangu alipoolewa.

Meno yaliyopinda tumeyanyoosha kwa moto jioni hiyo hiyo. Hakuna lililovunjika. Zile siku za majivu hazikupotea.

12 Oktoba, Jumamosi. Usagara

Hesabu ya muda, na imenishangaza.

Kwa upana wa mita 1.2 na mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ekari moja ingeisha kwa saa 1 na dakika chache. Tumetumia saa 5 na nusu. Nilikaa na saa mkononi nikagawa: kuokota ni kama saa 1 na robo. Muda uliobaki wote ni kubeba. Tani 26 kwa kapu la kilo 400 ni safari 65, na rundo letu liko pembezoni, safari nyingine inavuka mita 60 na kurudi. Mafuta ya dizeli yanaishia barabarani.

Wazo la kwanza lilikuwa kapu kubwa. Nikaliacha; mashine nzito itaikandamiza luseni, na magurudumu yatazama.

Jibu lilikuwa kwenye swali lingine ambalo mama mkubwa alikuwa ameniuliza mara mbili nikalipita: haya mawe yanakwenda wapi? Mwenye lori alishakuja kuulizia tripu za mawe ya msingi. Mji huu umejengwa juu ya mawe na kwa mawe. Panda Mabatini au Igogo uone kuta zinavyoshikilia nyumba mlimani, na kina mama wanaokaa juani na nyundo wakiponda kokoto. Mawe makubwa yana mnunuzi. Lakini ya ukubwa wa kichwa na chini yake tumekubaliana yasitoke shambani. Tutayapanga mistari kukata mteremko, kila baada ya mita 20, yapunguze mwendo wa maji na kuushika ule mchanga unaokimbilia mbugani.

Na kama mistari iko kila mita 20, mashine popote ilipo haiko zaidi ya mita 10 kutoka mahali pa kumwaga.

19 Oktoba, Jumamosi. Usagara

Kupima mistari. Tumetengeneza fremu ya miti 3 kama herufi A, kamba katikati na jiwe dogo linaloning'inia. Tumeitia alama ya katikati kwa kuigeuza mara mbili, ndipo unajua miguu iko usawa. Unatembeza mguu mmoja baada ya mwingine, kila mguu unapigiliwa kijiti. Mstari unaotokea haunyooki. Unapinda kufuata mgongo wa ardhi, na majirani wawili walikuja kutuambia tumekosea. Mzee mmoja aliyewahi kuona kazi hiyo ujanani mwake alitutetea.

Watoto wa jirani ndio waliobeba vijiti. Nimewaeleza mama zao wazi: mashine ikiwaka mtoto asionekane ndani ya mistari. Cheni sasa ina kifuniko cha bati.

26 Oktoba, Jumamosi

Ekari ya 2, kwa utaratibu wa mistari: saa 3 na dakika 10. Bolti zilizokatika: 4.

2 Novemba, Jumamosi. Usagara

Mvua ilinyesha usiku wa Alhamisi. Tumejaribu kuingia asubuhi tukatoka baada ya raundi 2. Luseni mbichi inashikamana na mawe, inapanda kapuni, na makafi ya raba yanaukanda udongo juu ya meno badala ya kulisukuma jiwe. Tumengoja hadi saa 8 mchana, juu pamekauka, tukaendelea. Mashine hii ni ya kiangazi. Anayetaka kuitumia aanze mwezi wa 7, mara pamba inapotoka, asisubiri mawingu kama tulivyosubiri sisi.

Lakini mvua ileile imetuonyesha kitu. Kwenye mstari wa pili wa mawe, upande wa juu, palikuwa na mchanga mpya umejikusanya, laini, una mikunjo kama ya ufukweni, unene wa vidole 2. Nimemwita mama mkubwa. Aliinama akausawazisha kwa kiganja taratibu, kama anavyofuta meza.

9 Novemba, Jumamosi. Usagara

Ekari ya 3 imekwisha. Ya 4 tunaiacha mwaka huu. Msimu wa kupanda pamba umefika na ardhi haiwezi kutungoja.

Nimepima meno. Ncha zimepungua kwa milimita 14 kwa ekari 3, na yale ya katikati yameliwa zaidi kuliko ya pembeni. Kwa mwendo huo yatafika ekari 10 hivi kabla ya kubadilishwa. Yale 15 tuliyoyatoa Septemba yapo kwenye rafu, yamepakwa grisi.

23 Novemba, Jumamosi. Usagara

Mashine ya kupandia ya kukodi imepita ekari 3 bila kusimama. Dereva ni yule aliyefunga kazi msimu uliopita. Alipomaliza alishuka, akazunguka nyuma kukagua visahani kimoja kimoja, akakipitisha kidole ukingoni, halafu akamwambia mama mkubwa, "Shikamoo mama. Mwakani niite mimi."

Kwenye ekari ya 4 mama mkubwa na wajukuu wanapanda kwa jembe, kati ya mawe, kama kawaida. Nimeingia nikashika mstari mmoja nao hadi jua lilipogusa mlima.

Jirani wa upande wa Kigongo amekuja kuulizia mashine. Shamba lake lina visiki kuliko mawe. Nimemwambia ukweli kwamba hii haitang'oa kisiki, meno yatapinda, na kwamba nitakwenda kuliona shamba lake mwezi wa 6 na kamba ya mita 10.